Madoa yasiyofifia: ninavyoyakagua kabla ya kumpa mtu dawa ya kupaka

Mtu akija na madoa mekundu ya ngozi, kwanza nataka kujua kama yanafifia yakibonyezwa. Naikandamiza bilauri ya kioo angavu juu ya doa kwa sekunde 5 hadi 10, nikitazama kupitia kioo. Upele wa mzio au wa kuumwa na wadudu kwa kawaida hupauka, kwa sababu damu yake bado imo ndani ya mishipa na husogea. Doa lisilobadilika ni damu iliyokwisha kuvuja nje ya mshipa.

Madoa haya ni bapa, ya milimita 1 hadi 2, na aghalabu hayawashi wala hayaumi. Hupenda kuanza kwenye vifundo vya miguu na pale soksi inapobana. Kwenye ngozi nyeusi hujificha, na bilauri hapo haitoshi. Ndiyo maana lazima nikunje mdomo wa chini, nimulike kaakaa kwa tochi, nifunue kope, kisha niangalie viganja na nyayo karibu na dirisha, kwenye mwanga wa mchana.

Katika lukemia, yaani saratani ya damu, chembe changa zisizokomaa huujaza uboho wa mifupa na kuzikosesha nafasi chembe sahani, zile zinazoziba mishipa inapopasuka. Kawaida huwa 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita moja ya damu. Zikishuka sana, hasa chini ya 20,000, madoa hutokea hata bila kujigonga. Hapo nauliza kuhusu fizi kutoka damu, michubuko isiyo na sababu, homa inayorudi hata baada ya dawa ya malaria, na kuishiwa nguvu. Kwa mtoto nauliza pia kama mifupa inamuuma au anagoma kutembea.

Si kila doa la namna hii ni saratani. Dengi, malaria kali, baadhi ya dawa, au kinga ya mwili kushambulia chembe sahani baada ya mafua, vyote huweza kuleta sura hiyohiyo. Lakini homa pamoja na madoa yanayoenea upesi, shingo ngumu au kusinzia ovyo, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, kwa hofu ya homa ya uti wa mgongo.

Waliobaki nawapeleka kupima FBP, yaani kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu, siku ileile. Damu huingia kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau hadi alama yake, kisha kinapinduliwa taratibu mara 8 hadi 10. Kisipopinduliwa damu huganda, na mashine husoma chembe sahani chache kuliko zilizopo. Naomba pia damu itazamwe kwa darubini, kwani idadi ya chembe nyeupe inaweza kuwa ya kawaida, au hata ndogo, na lukemia ipo. Uthibitisho hutoka kwenye uboho unaochukuliwa mfupa wa nyonga.

Majibu yakisubiriwa, hakuna sindano ya msuli, aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, maana zote huongeza hatari ya kuvuja damu. Ninachokihofia zaidi ni prednisoloni inayotolewa kwa kudhani ni mzio. Katika lukemia ya limfu, iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto, dawa hiyo huua sehemu ya chembe za saratani: mgonjwa hupata nafuu ya muda, na sampuli ya uboho ikichukuliwa baadaye inakuwa ngumu kusomeka.