Kazi ya VFX inaanza na kufuta vitu

Watu wakisikia umesomea VFX, yaani kubadilisha picha za video na filamu kwa kompyuta, wanataka uwaonyeshe mlipuko. Nikirudi Mombasa likizo, watoto wa mjomba huniuliza dainosa yuko wapi, nami huwaambia kazi iliyonipa hela ya kwanza hapa Nairobi ilikuwa kufuta bango. Tangazo la unga, mama anapita sokoni na kikapu, nyuma yake kuna bango la unga wa kampuni nyingine, klaienti kaliona wakati picha zishapigwa na soko lishafungwa, basi litoke. Shoti yenyewe sekunde 4, lakini TV za huku zinakwenda fremu, yaani picha mojamoja, 25 kwa sekunde kwa hiyo hapo una fremu 100, kamera ya mkononi inatikisika, na mama kajitanda leso inayopepea mbele ya bango lenyewe.

Unaanza kwa kutraki ukuta, yaani kuufuatilia fremu kwa fremu, ili kompyuta ijue unavyosogea. Unachagua fremu moja, unapaka ukuta mahali palipokuwa na bango, unaubandika ufuate mtikisiko wa kamera. Halafu inakuja roto, yaani kumchora mama kwa mistari ili arudi mbele ya ukuta mpya, na hapa ndipo wengi wanachoka, maana humchori mtu mzima kwa mpigo, bega peke yake, mkono peke yake, kikapu peke yake, leso peke yake, kila kimoja kina mwendo wake. Leso ikipepea ukingo wake hauna mstari mkali, umefifia kwa sababu imesogea wakati shata, mlango wa mwanga wa kamera, uko wazi, kwa hiyo na wewe ufifishe mstari wako kiasi hicho hicho, la sivyo mama ataonekana kama kakatwa gazetini kwa mkasi. Mwisho chenga. Picha ya kamera ina chenga, vidoa vidogo mno vinavyocheza kila fremu, na ukuta uliopaka hauna, usipoziweka, pale mahali patakaa kama doa. Ukimaliza vizuri hakuna anayeona chochote, na hicho ndicho ulicholipwa.

Sasa chuo. Wadogo zangu wengi wananiuliza kama karo ina maana wakati mafunzo yamejaa YouTube, na ni swali la haki kabisa kwa sababu softiwea siku hizi si kizuizi. Blender, ya kutengeneza picha za 3D, ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote tangu 2002, na katuni ya Latvia iliyochukua Oscar 2025 ilitengenezwa humo. DaVinci Resolve ya bure, ya kuhariri video, ina Fusion ndani, sehemu ya kufanyia VFX. Nuke na Houdini, softiwea zinazotumiwa na studio, zina matoleo ya bure ya kujifunzia, huruhusiwi tu kufanyia biashara.

Mimi chuo kilinipa mambo mawili. La kwanza ni mwalimu anayekaa nyuma yako, anasimamisha fremu moja na kusema weusi wa kivuli chako haulingani na weusi wa picha, angalia tena. Jicho hilo huwezi kulidownlodi. La pili ni wenzangu wa darasa la kamera, tulitoka nao kwenda kupiga picha, nikajifunza kuandika lenzi gani imetumika, kamera iko juu kiasi gani, kupiga picha ya mpira wa kijivu na mpira wa kioo ili baadaye ujue mwanga ulitoka wapi. Mtu aliyejifunza chumbani peke yake mara nyingi hili linampita, anangoja picha zimfikie wakati shida nyingi zingemalizwa pale pale lokesheni.

Na jifunzeni mapema jamani hesabu ya kurenda, yaani muda ambao kompyuta inatoa picha za mwisho. Sekunde 10 ni fremu 250, kila fremu ikichukua dakika 10 ni dakika 2,500, zaidi ya saa 41 mashine inanguruma. Stima ikikatika katikati na ulikuwa unarenda faili moja la video, huenda umepoteza yote, kwa hiyo renda fremu mojamoja, stima ikirudi unaendelea ulipofika.

Kuhusu ajira, studio za hapa ni ndogo, asubuhi unafanya roto, jioni unabadilisha skrini ya simu kwenye tangazo, kesho uko seti. Kwenye studio kubwa za London au Vancouver mtu anaweza kufanya roto peke yake miezi na miezi. Mimi naona hii yetu inakomaza haraka. Na ukubwa wa kampuni si kinga, Rhythm & Hues ilifilisika Februari 2013 na mwezi huo huo kazi yake ikashinda Oscar ya VFX, halafu 2025 Technicolor ikaanguka na studio zake MPC na The Mill zikayumba nayo. AI nayo inachora maski, ile mistari ya roto, siku hizi, naitumia, ila kwenye nywele na leso bado inatetemeka na mkono unamalizia.

Rili yako, ile video fupi ya kuonyesha kazi zako, isizidi dakika moja, kazi bora iwe ya kwanza, na uonyeshe picha ilivyokuwa kabla hujaigusa, kwa sababu bango lililofutwa vizuri bila hiyo kabla ni ukuta tu. Ndiyo maana kabla ya kuanza kazi yoyote omba kwa maandishi ruhusa ya kutumia shoti tangazo likishatoka, na uchukue picha asili siku hiyo hiyo unayokabidhi, maana mradi ukiisha kila mtu anahamia kazi nyingine na diski inafutwa.