Jumapili ya Igurusi

Mbeya ukitaka kuendesha baiskeli taratibu, barabara inakukatalia. Kawetire ni mlima, Uyole kushika njia ya Tukuyu ni mlima, na ukiteremka Mbalizi lazima urudi. Ndiyo maana Machi ile, mashindano yakiwa mwishoni mwa Juni, kocha alitupakia na baiskeli zetu kwenye Hiace hadi Igurusi, tukaendeshe kwenye tambarare ya Usangu kupitia Chimala kuelekea Igawa.

Mpango ulikuwa kwenye daftari lake: wiki nane za msingi, yaani mwendo wa taratibu, sita za kuongeza makali, mbili za kupunguza kazi. Kwenye msingi, wiki ya kwanza jumla ya saa 6, ya pili 7, ya tatu 8, ya nne 4 tu. Hiyo ya nne ndiyo vijana huidharau, wakati mwili hupata nguvu ukiwa unapumzika.

Tulipoanza kunyonga, kocha alisogea ubavuni kwa mdogo wetu.

“Dogo, jana umekula nini?”

“Ugali... na... maharage, kocha.”

“Punguza. Sema tena bila kuhema.”

Kipimo kilikuwa hicho, pamoja na kushika shingo na kuhesabu mapigo: yasizidi 35 kwa sekunde 15, yaani 140 kwa dakika, kwa kijana ambaye kilele cha moyo wake ni 195. Mwendo huo huongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli na kuuzoesha mwili kuchoma mafuta. Ukiukimbiza unamaliza wanga, na Jumanne miguu haina kitu. Lori la Tunduma likipita kwa kasi, kijana hutaka kulifukuzia. Kocha alikuwa anapiga mluzi tu. Kila saa ndizi mbivu mbili, kuanzia kabla njaa haijabisha, na chupa ya nusu lita yenye gramu 30 za sukari na chumvi kidogo.

Mlima ulikuwa na zamu yake, Aprili mwishoni: dakika 8 mara nne, mapumziko dakika 4 katikati, kila mmoja akiweka jiwe kando ya barabara pale alipoishia. Jiwe la nne likiwa nyuma sana ya la kwanza, basi ulianza kwa pupa. Wiki mbili za mwisho saa zilikatwa nusu, lakini vipande vya kasi vikabaki, vifupi. Ukiviacha kabisa, miguu inakuwa mizito siku ya mbio.

Ila nauli ya Hiace kila Jumapili haikuwezekana, kwa hiyo ilibidi tuweze kupanda milima ya kwetu taratibu. Jumapili ile ile ya Igurusi, tukisubiri gari la kurudi, kocha alihesabu meno ya gia: mbele 42, kubwa ya nyuma 24. Kwa kunyonga mara 60 kwa dakika, baiskeli inataka kilomita 13 kwa saa. Mlimani hapo moyo hautulii. Akaagiza friwili, yaani gia za nyuma, ambayo kubwa yake ina meno 28, mwendo ushuke hadi 11 na kidogo.

Fundi wa Mwanjelwa alipozifunga, alipima na cheni kwa rula: pingili 24, kutoka pini hadi pini. Mpya ni milimita 305 hivi. Zetu zilipita 308. Cheni iliyovutika hivyo huruka kwenye friwili mpya na kuila meno, kwa hiyo zikabadilishwa zote, na mpya zikaachwa ndefu kidogo ili zifike kwenye hiyo gia ya meno 28 bila kukaza.