Nimepumzika hadi nimechoka

Wanangu wanahofia kwamba mama yao ni mpweke. Wakipiga simu, swali la kwanza ni, "Mama, leo umeonana na nani?" Nikisema sijaonana na mtu, kimya kinatanda.

Ni kweli watu wamepungua, ila wengine nimewapunguza mwenyewe. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, anaeleza kuwa mtu akihisi muda wake unafupika, huwaacha wale wa kujuana tu akabaki na wa moyoni. Kuna jirani aliyekuwa akija kunisomea maradhi ya mtaa mzima. Simtafuti tena, na usingizi naupata.

Kinachoniuma ni kingine: nimegeuzwa mtu wa kupokea tu. Nikiinuka kuosha kikombe, kinanyakuliwa mkononi. Nikimnyooshea mikono mtoto anayelia, naambiwa, "Bibi, wewe kaa upumzike." Wananipenda, sibishi. Lakini nilikuwa mhasibu miaka yote ya kazi, na hakuna hata mmoja wao anayeniuliza jambo la fedha.

Mwaka 2003 Stephanie Brown na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jozi 423 za wanandoa wazee wa Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka mitano. Waliokuwa wakisaidia ndugu, marafiki na majirani, au kumliwaza mwenzi, walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufariki katika kipindi hicho. Kusaidiwa tu hakukuleta nafuu hiyo. Utasema mwenye afya ndiye anayeweza kusaidia. Hata mimi niliwaza hivyo. Afya waliizingatia, na tofauti ikabaki.

Juzi mjukuu wangu wa kiume alikuja na shati lililong'oka kifungo. Uzi ulinishinda kutunga, akatunga yeye, nikashona mimi. Macho yangu yakiwa kwenye sindano, akanieleza kuwa amefeli mtihani na hajui atamwambiaje mama yake. Angekuja "kumsalimia bibi", tungeishia kwenye hujambo na sijambo. Alikuja na shida, ndiyo maana tukaongea hadi jioni.

Sasa binti yangu mkubwa anataka kukopa anunue gari. Nimemwambia aniletee mkataba niisome riba kabla hajaweka sahihi. Amesema ataona.