Kipara cha mdogo wangu

Jioni hii nimempeleka mdogo wangu kunyoa, saluni ya mtaani hapa Ngamiani, Tanga. Ana miaka 24.

Kinyozi alipofika juu ya paji la uso akazima mashine. "Dogo, huku pembeni nywele zinakimbia. Ni hizo kofia."

Hakujibu. Alipeleka vidole viwili kwenye kona ya paji, akawa anapapasa polepole huku anajitazama kwenye kioo. Tumetoka, tumevuka barabara, vidole bado viko palepale.

Imeniuma sana.

Njiani nikamwambia: kofia haina kosa, wala mashine. Kipara cha wanaume kinaletwa na homoni iitwayo DHT, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni, homoni kuu ya kiume. Aliyerithi hali hiyo, vishina vya nywele zake husinyaa kidogo kidogo. Kila nywele inayoota inakuwa nyembamba na fupi kuliko iliyotangulia.

Na urithi wenyewe hautoki kwa baba tu. Kinasaba kimoja chenye nguvu kiko kwenye kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama. Vingine hutoka pande zote mbili. Baba yetu nywele tele mpaka leo, wajomba wote vipara!

Akaniuliza, "Kaka, kuna dawa?" Zipo, minoxidil ya kupaka kwa mfano, lakini nataka kwanza aonwe na daktari wa ngozi.

Wanaume wa humu, nyie zilianza kurudi nyuma mkiwa na umri gani? Mwandikieni hapa chini, atasoma.