Debian kwenye laptopu ya mtumba
Laptopu hii niliinunua Kariakoo, mtumba wa ofisi fulani; kibandiko cha namba ya mali bado kipo mgongoni. Nimeweka Debian 12, mfumo endeshi huria wa familia ya Linux. Waifai ilishika papo hapo, maana tangu toleo hilo, la 2023, femuwea zisizo huria (programu ndogo za kuendesha vifaa kama kadi ya waifai, ambazo msimbo wake haujafunguliwa) zimo humo humo kwenye flashi ya kusakinishia. Zamani ungezitafuta mwenyewe.

Kilichonipa raha ni betri. Nimeweka TLP, programu ya kutunza betri, nikaiagiza ianze kuchaji ikishuka chini ya asilimia 75, iishie 80. Fundi jirani akadhani chaja imekufa!

Kisoma alama za vidole ndicho kimegoma: lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, inakiona; fprintd, programu ya kusoma alama za vidole, haikitambui. Jioni mbili zimekwenda hapo. Basi, naandika nywila.