Siku ya mizani: zamu yangu katika nyumba ya wazee Uingereza

Saa moja asubuhi. Desemba, Yorkshire nje bado giza totoro. Wa zamu ya usiku ananikabidhi: nani kalala, nani kakesha, nani kakataa dawa. Leo ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi, siku ya kupima uzito. Wazee 22.

Saa moja na nusu. Tunapima kabla ya chai, mtu akishatoka msalani, bila koti wala viatu. Mwezi jana mwenzangu alimpima mzee mmoja akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akasahau kutoa uzito wa kiti. Karatasi ikasema baba wa watu kanenepa kilo 16. Tulicheka sana, kisha tukanyamaza: siku tisa zilikuwa zimepita na hakuna aliyeshtuka.

Saa mbili na robo. Bibi wa chumba cha 12. Huku wazee huitwa kwa jina la kwanza, na ulimi wangu wa Tanga ulikataa mwaka mzima. Tukiwa wawili tu namwita Bibi, naye anaitika. Kilo 47.1. Nafungua faili: Septemba alikuwa na 52.4. Hawezi tena kusimama wima, hivyo urefu wake nautafuta mkononi. Mkono wa kushoto naulaza kifuani, vidole vielekee bega la kulia, kisha futi kamba kutoka ncha ya kiwiko hadi kifundo cha mkono. Sentimita 24. Kwa mwanamke wa umri wake, jedwali linasema mita 1.58.

Saa tatu. Hesabu. Tunatumia MUST, kipimo cha hatari ya utapiamlo kilichotolewa na BAPEN, chama cha lishe cha Uingereza, mwaka 2003. BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, 18.9, alama 1. Uzito umeshuka zaidi ya asilimia 10, alama 2. Jumla 3, na kuanzia 2 tayari ni hatari kubwa. Lakini fomu ya chakula, wiki nzima: "Amekula vizuri."

Saa sita na nusu. Leo nakaa naye mezani mpaka mwisho. Anatia nyama kinywani, anaizungusha shavuni, halafu anaitema kwenye karatasi ya kujipangusia na kuikunja taratibu kama bahasha. Sahani inarudi jikoni nusu tupu, na anayepita haraka anaandika anachokiona. Akinishukuru, meno ya bandia yanamteremka. Amekonda hadi ufizi. Kidoleni, pete ya ndoa imezungushiwa uzi isidondoke.

Uzi huo niliufunga mimi, Oktoba. Nilijiona mwema kweli.

Saa nane. Nesi anampigia daktari wa meno na kumwandikia mtaalamu wa lishe. Mpishi naye hana mjadala: vijiko vinne vya chakula vya unga wa maziwa katika kila nusu lita ya maziwa yake, siagi ya kutosha kwenye viazi vya kuponda, krimu kwenye supu. Chakula ni kilekile kidogo, ila kimeshiba chenyewe.

Saa kumi. Kastadi ya vuguvugu. Nahesabu vijiko kimoyomoyo, asije akajiona mtoto.

Saa moja usiku, makabidhiano. Chumba cha 12: kastadi vijiko kumi na moja, maziwa kikombe kimoja, mkate hakuugusa.