Paina si mchicha

Mbegu za msindano, au paina kama tunavyosema huku Mufindi, ni ndogo mno. Zangu zote zilienea kwenye kiberiti. Kwa bahati nusu niliziweka akiba.

Nusu ya kwanza niliisia Aprili kwenye tuta la samadi, nikawa namwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Ziliota vizuri. Mche wa paina ukichomoza hubeba ganda la mbegu kichwani kama kofia, na ndege wakiliona hudhani ni punje, basi hudonoa na kichwa chote. Miche iliyosalimika na ndege ilimalizwa na maji: shina linasinyaa pale linapogusa udongo, mche unalala. Wiki moja, tuta likabaki jeupe.

Mwezi wa tano nikarudia. Mchanga wa mtoni, nikaumwagia maji ya moto kwanza, ukapoa. Mbegu nikaziloweka usiku mmoja. Juu nikatandika nyasi kidogo, na maji asubuhi tu. Siku ya 16 kofia zikaanza kuonekana, nami nikavuta chandarua kikuukuu juu ya tuta. Miche ilipofikia urefu wa njiti ya kiberiti nikaihamishia kwenye viriba, yaani vifuko vya kukuzia miche, huku nikiishika majani, maana shina likiminywa basi tena.

Agosti miche ikawa ya njano. Haifi, haikui. Nilikuwa karibu kununua mbolea ya dukani, bibi jirani akapita.

"Kamwene, mjukuu wangu. Udongo huu umetoa wapi?"

"Shambani kwa mahindi, bibi."

Akacheka. Alinipeleka chini ya paina kuukuu, akafukua yale majani makavu kwa kidole. Humo ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba zimeng'ang'ania mizizi. Ni kuvu, inaishi kwenye mizizi na kuuletea mti chakula, hasa fosforasi. Paina hii yetu asili yake ni Mexico, na shamba la mahindi halina kuvu yake.

Nilibeba ndoo mbili za udongo ule, nikatia konzi ndogo juu ya kila kiriba. Kufika Oktoba ncha zilikuwa za kijani kibichi.

Januari, mvua ikiwa imeshika, nilipanda miche 412 kwa nafasi ya mita 3 kwa 3. Bibi alidai 40 kama ada ya ushauri, akajichagulia mwenyewe ile minene.